Safari ya Boti Tatu na Friji Moja

Jumamosi, 7 Juni

Hakuna nahodha anayenifikia. Sisemi pwani hii tu, nasema dunia nzima. Leo asubuhi nilipokanyaga gati, bahari ilitulia ghafla kama darasa lililomwona mwalimu wa zamu. Samaki walikuwa wanachungulia. Nimewaona kwa macho yangu.

Ni kweli kazi yangu ni kutengeneza friji. Sasa friji ni nini? Injini iliyokaa kitako. Mtu anayeijua injini iliyokaa atashindwaje na inayokimbia? Shule niliiacha kidato cha pili na mpaka leo hawajapata wa kuziba pengo.

Boti si yangu. Bado! Ni ya Baba Mkwe, nahodha wa kivuko ambaye goti limemwachisha kazi. Anakaa mwisho kabisa wa pwani. Masharti yake mafupi kama kaptula: tumpelekee boti kwa maji, ikifika salama ni yetu, tuvushe abiria pale bandarini kwake. Ikifika na majeraha anaiuza, nasi turudi kwenye chumba cha kupanga, mimi na friji za watu, mke wangu na cherehani.

Mke wangu humu namwita Bibie. Ameshona sare za watoto wa watu mpaka ncha za vidole zimeota sugu. Boti hii ameiwaza tangu hajanijua mimi. Ameshaishonea matakia manane ya buluu ya viti vya abiria. Abiria hatuwajui walipo, lakini matakia yapo, ndani ya nailoni, na hakuna ruhusa ya kuyakalia. Nilijaribu moja. Nilinyanyuliwa kwa sikio.

Baba Mkwe amekataa twende peke yetu. Katuunganisha na msafara. Boti ya mbele ni ya Mwalimu Mkuu mstaafu, filimbi shingoni hata akiwa anapiga mswaki, pamoja na Mama Mwalimu, ambaye anafuma sweta kwenye jua la kupasua kichwa. Boti ya pili ni ya daktari wa meno. Nyeupe pee, na ina kioo kinachoonyesha kina cha maji. Mimi nina macho. Huyu nimemwita Gego. Mkewe kakataa kuja. Namheshimu mama huyo bila kumwona.

Kuna mambo mawili hayajui mtu. La kwanza, nilimwambia Baba Mkwe nimesomea unahodha. Na nimesomea! Nilitengeneza jokofu kwenye boti ya wavuvi iliyofungwa gatini, mpishi akanifundisha fundo. Ndilo analofungia mfuniko wa sufuria.

La pili liko mbele ya boti, chini ya turubai. Friji! Ndogo, ya betri, niliyoiunda mwenyewe kutoka kwa friji tatu marehemu. Ili ipate nafasi nimeacha ufukoni gunia la kamba za akiba. Nani amewahi kusifiwa kwa kamba?

Jumapili, 8 Juni

Msafara huu una desturi yake. Tukisimama, boti zote tatu zinafungwa ubavu kwa ubavu kama ndugu kitandani, na moja tu inatia nanga kwa niaba ya wote. Wengine wananing'inia kwake. Inaitwa zamu ya nanga. Mwenye zamu anatembea kwa mabega. Jana Mwalimu, leo Gego. Nikauliza yangu lini. Mwalimu akanitazama kama daftari lenye mafuta, akasema, kijana, wewe nakutazama kwanza.

Nikatazamwe? Mimi?

Tena kabla ya kutia nanga kuna maswali. Mshika usukani anauliza kwa sauti, aliye mbele anajibu kwa sauti, boti zote zisikie. Nanga? Tayari! Kigingi? Tayari! Pete? Tayari! Kigingi ni kile chuma cha mbele unakozungushia kamba. Pete imefungwa kwa nati ndani ya sanduku la kamba, chini kabisa; ncha ya mwisho kabisa ya kamba inafungwa hapo, ili kigingi kikishindwa, pete idake. Mwalimu anasema pete ndiyo roho ya wote. Kaisema hiyo asubuhi, mchana na jioni. Nikampigia saluti. Gego akacheka kupitia puani.

Jambo baya zaidi: kila jioni Baba Mkwe anampigia Mwalimu simu kuuliza habari za boti. Simu inawekwa sauti ya juu. Leo kauliza, na yule fundi friji je? Hakusema mkwe. Hakusema kijana wangu. Fundi friji. Bibie aliinamia bakuli lake.

Basi mpango umezaliwa. Lazima nipate zamu ya nanga kabla hatujafika. Na njia ya kufika kwa Mwalimu inapita kooni. Jioni nimempelekea soda, baridi mpaka chupa inatoka jasho. Akafumba macho. Akaniita mwanangu! Gego akauliza barafu imetoka wapi. Nikasema, kipaji.

Usiku friji inanguruma taratibu. Muziki.

Jumatatu, 9 Juni

Boti haikuwaka. Nilibonyeza, ikakohoa. Nikabonyeza tena, haikukohoa. Mwalimu kapuliza filimbi ya kuondoka, na sisi tumekaa kama kabati.

Nilimweleza Bibie kwamba betri za siku hizi hazina malezi. Alifuata waya kwa kidole, kutoka kwenye betri, sakafuni, juu ya ngazi, mpaka mbele. Akainua turubai.

Nimewahi kupigwa na umeme mara nyingi kazini. Hayo macho yalikuwa mapya.

Gego alikuja na waya zake nyekundu na nyeusi kutuwashia, akitabasamu kwa meno yote, na anayo. Akasema, pole Fundi, kipaji kimeisha chaji? Mama Mwalimu alicheka mpaka akaruka kishono cha sweta.

Tulipoondoka, Bibie alinisemesha bila kugeuza kichwa, mikono kwenye usukani. Akasema mume asiyejua kitu anaweza kuishi naye, ndiyo wengi walivyo. Asiyejua akasema anajua, huyo hamwezi. Akasema, hapa kuna roho za watu na kuna boti ambayo nimeisubiri tangu nikiwa mtoto wa misuko miwili. Nidanganye tena mara moja tu juu ya boti hii, moja, nikifika kwa Baba nashuka na nabaki. Wewe utarudi na basi.

Nikamwambia sitadanganya tena. Nilimaanisha kabisa. Nikaongeza kwamba friji nilipewa na mteja nimtunzie.

Hiyo ya mteja nilishaianza kabla hajamaliza kusema. Haihesabiki.

Jumanne, 10 Juni

Mawimbi. Boti inapanda, inakaa hewani kuwaza, inashuka. Mwalimu anapuliza filimbi kila tukipotea machoni mwake. Nilitapika upande wa upepo. Mara moja tu, inafundisha haraka.

Friji imezimwa lakini uzito haukuzimwa. Asubuhi iliserereka ikaja kusimama sentimita chache kutoka kwenye mguu wa Bibie. Hakupiga kelele. Alisema tu, ifunge hiyo sasa hivi au itupe.

Kutupa? Ile friji ni mtoto wangu. Nikatafuta kamba. Kamba za akiba ziko ufukoni, zinapunga upepo. Nikatafuta mkanda. Wangu umeshika suruali. Nikafungua sanduku la kamba, nikaona kamba nene, safi, mita kwa mita, na ile ncha ya mwisho imekaa kwenye pete bila kazi yoyote. Zamu si yetu! Nanga yetu haijalowa tangu tuanze safari!

Nikaifungua ncha kwenye pete. Nikaizungusha friji, juu, chini, msalaba, nikamalizia na fundo la sufuria. Nikafunika turubai. Friji imetulia kama bibi harusi. Bibie akaona haisogei, akasema asante. Asante yenyewe ya kwanza tangu jana. Nikaona si vizuri kuichafua kwa maelezo.

Nitairudisha ncha jioni.

Jioni: vidole vinauma na lile fundo limelowa likakaza. Nitairudisha kesho asubuhi. Zamu ya kesho ni ya Mwalimu hata hivyo.

Jumatano, 11 Juni

Naandika nimejifunika blanketi mbili. Ni baridi tu.

Asubuhi niliamka nimepanga kurudisha ncha. Gego alikuwa amekaa mbele ya boti yake, pale pale, anapiga mswaki kama anafundisha chuo. Ningefungua turubai angeona. Nikasubiri amalize. Daktari wa meno hamalizi.

Mchana tukafika penye mlango mwembamba kati ya miamba. Lazima kusubiri maji yajae ndipo tupite. Mwalimu akapuliza tusimame, akaanza kuandaa nanga yake. Ndipo Bibie akasimama. Bibie wangu! Akamwambia Mwalimu, leo tupeni sisi, mume wangu amekaa kimya siku mbili anafanya kazi, nami mwenyewe nitakuwa kwenye usukani, nitauliza maswali yote. Mwalimu akasita. Bibie akasema, namdhamini.

Ningeweza kusema tumbo linauma. Limeniuma mara ngapi bila sababu! Lakini Gego alisema, haya, Fundi, tuone kipaji.

Wakatufunga katikati, Mwalimu kulia, Gego kushoto. Bibie akauliza kwa sauti kubwa, Nanga? Tayari! Kigingi? Nikazungusha kamba kwenye chuma, fundo la sufuria juu yake, tayari!

Pete?

Turubai liko karibu na goti langu. Kufunua, kufungua lile fundo lililolowa, kurudisha ncha, yote hayo mbele ya Gego, mbele ya filimbi, mbele ya mwanamke aliyetoka kusema namdhamini.

Tayari! Nikasema, kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

Nanga ikazama. Tukashika. Na nasema hivi: saa ile ilikuwa tamu. Boti mbili za watu wazima zimening'inia kwangu. Mwalimu akampigia Baba Mkwe hapo hapo, akamwambia leo mkwe wako ndiye ametushika. Ikatoka sauti, nzito, ikiparuza: msalimie mwanangu. Mwanangu! Bibie alinipa kipande cha kuku kutoka sahani yake.

Sikukimaliza.

Upepo ulikuja bila hodi. Maji yalikuwa yanajaa, boti tatu zinavuta pamoja, na kamba ikaanza kuteleza kwenye kigingi, mzunguko mmoja, kisha mwingine. Fundo la sufuria lilifunguka kwa heshima, kama mpishi anataka kuonja. Kamba ikaanza kukimbia kutoka sandukuni ikipiga kelele. Na chini ya turubai friji ikashtuka, kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Nikaikumbatia. Ndiyo kitu pekee nilichofikiria. Nimeikumbatia kwa mikono na miguu na bado inatembea, mimi juu yake, turubai kichwani. Bibie kwenye usukani akaniuliza kuna nini huko mbele. Nikajibu hakuna kitu, natazama mandhari.

Friji ikafika kwenye reli ya mbele ikakwama. Kwa muda fulani, Mungu shahidi, familia nzima za watu, filimbi, sweta, kioo cha kina cha maji, vyote vilishikiliwa na friji moja na mimi. Nikawaza itakaa. Nikawaza hata nitalielezaje kwa ushujaa. Kisha reli ikaanza kupinda, polepole, kama mtu anayejikunja na tumbo. Mlango wa friji ukafunguka, soda zikatoka moja moja. Halafu ikaenda. Na kiatu changu cha kushoto.

Tukaanza kurudi nyuma kuelekea miamba, boti zote tatu zimefungana, hakuna anayeweza kugeuka. Filimbi ya Mwalimu haikunyamaza. Gego, lazima niandike, alifungua kamba zake kabla sijasimama, akawasha, akajitoa. Bibie aliwasha injini akanipigia kelele nifungue za upande wa Mwalimu. Vidole vyangu havikufungua. Havikujua kufungua. Mama Mwalimu ndiye aliyeinama na mkasi wake wa kufumia akazikata, kacha, kacha, huku sindano ziko mdomoni.

Mwalimu akatoka. Tukabaki sisi, ubavu kwa mwamba.

Bibie akasema, matakia!

Nikamwuliza, yapi? Maana yamekatazwa.

Akasema YOTE.

Nikararua nailoni nikayatia kati ya boti na mwamba, moja baada ya jingine. Wimbi likija boti inalala kwenye takia, takia linapasuka, natia jingine. Nilisikia kila moja. Bibie alikuwa anageuza usukani, anarudisha nyuma, anasubiri, anapeleka mbele, uso mkavu, hatazami kinachopasuka. La nane lilipoisha tulikuwa tumetoka.

Boti haina tundu. Rangi imechubuka na reli imepinda. Nyuma yetu pamba za matakia zilielea juu ya maji kama bisi.

Tulipofika penye utulivu Mwalimu aliuliza imekuwaje. Alikuwa amepauka, na mkewe amemshika bega. Wote wakanitazama. Nikasema pete imevunjika.

Gego akasema, pete ya chuma? Nikasema, chuma cha siku hizi.

Friji je? Nikasema ilipeperuka.

Jioni nilimwona Bibie amekwenda mbele, akafungua sanduku la kamba, akatazama ndani kwa muda, akalifunga. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Sidhani kama aliona kitu.

Alhamisi, 12 Juni

Tatizo: pete iko palepale, nzima, inang'aa.

Nimeshinda juu ya sanduku la kamba. Nimenywa chai hapo, nimekula hapo. Mwalimu akipita namwambia napenda hewa ya mbele. Gego kapiga kelele kutoka kwenye boti yake akiuliza kama nimetaga. Sikumjibu, yule aliyejitoa wa kwanza hana la kuniambia. Ingawa Mwalimu kasema alifanya sawasawa.

Hakuna anayecheka leo kama zamani. Mama Mwalimu hafumi. Kaweka sweta kapuni na anatazama maji tu.

Bibie alipokwenda nyuma kuokota vipande vya vitambaa vya buluu vilivyonasa kwenye reli, nikafungua sanduku, nikatoa spana, nikafungua nati zote mbili. Pete nikaiachia baharini, polepole, bila hata chubwi. Sasa pete haipo. Kitu kisichokuwepo kimevunjika; nani atabisha?

Baadaye Bibie alikuja akakaa karibu nami, juu ya sanduku. Kanilazia kichwa begani. Kisha akaniuliza, sauti ya chini kabisa, ile pete ilikuwaje? Akasema, niambie tu. Hata kama ni mbaya. Mimi na wewe tu hapa, Gego hasikii.

Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini nilikuwa nimeshaitupa pete! Nikisema kweli leo, kuitupa kwenyewe kutakuwa kazi bure.

Nikamwonyesha kwa mikono jinsi ilivyovunjika. Kwanza ilipasuka hapa, halafu ikafunguka hivi. Nilitoa hata mlio.

Akanipigapiga goti, akachukua kikombe changu kitupu, akaondoka.

Amenielewa. Mwanamke mwerevu.

Ijumaa, 13 Juni

Tumefika. Baba Mkwe alikuwa anasubiri gatini na fimbo yake. Si mtu mrefu lakini ukimtazama kutoka ndani ya boti ni mrefu.

Alimkumbatia Bibie. Alimpa Mwalimu mkono. Mimi alinisalimia vizuri, akaniita mwanangu mara ya pili, hapo nikajua mambo yamekwisha salama. Kisha akaingia botini, goti likilalamika, akaanza kutazama. Aligusa mchubuko. Akasema rangi ni rangi. Aligusa reli. Akasema reli hunyooshwa. Nikaanza kumweleza wimbi lilivyokuwa. Nililifanya wimbi refu kiasi. Nikaweka na papa.

Mwalimu akakohoa.

Baba Mkwe akafungua sanduku la kamba. Akainama. Alikaa ameinama hivyo mpaka nikasahau papa alifikia wapi. Alipoinuka alikuwa na spana yangu mkononi. Nati zote mbili alizikuta zimepangwa pembeni, moja juu ya nyingine, kama sarafu. Ni tabia yangu ya kazini. Mimi fundi msafi.

Akaniuliza, taratibu, kwa adabu, kama pete ilivunjika kwanza ndipo ikajifungua nati, au ilijifungua nati kwanza ikazipanga ndipo ikavunjika.

Nikasema inategemea na mkondo.

Hakuna aliyecheka. Hata Gego. Nilimtazama Gego nikimwomba acheke.

Bibie akasema, Baba, subiri. Akaja akasimama mbele yangu. Akasema juzi jioni pete aliiona, nzima, kwenye mwanga wa tochi ya simu yake, kabla sijaanza kukalia sanduku. Akasema jana aliponiuliza, si kwamba alikuwa hajui. Kisha akasema, sasa nakuuliza mara ya mwisho, mbele ya watu hawa, maana nilikudhamini mbele yao. Ulifunga?

Nilifungua mdomo nikiwa na neno hapana. Naapa. Lilikuwa hapo. Gego alikuwa amesimama gatini, mikono mfukoni, shati jeupe.

Nikasema, nilifunga.

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepima kitambaa akakuta kimepungua. Akaniambia basi la kurudi linaondoka alfajiri, na funguo ya chumba iko kwenye begi langu, mfuko wa pembeni. Yake kamwachia Baba.

Boti haiuzwi. Baba Mkwe kasema aliyeitoa kwenye miamba ndiye mwenyewe. Atavusha abiria, naye mzee atamshikia kamba. Goti bovu, mikono mizima. Mwalimu alimwandikia Bibie alama mkononi kwa kalamu ya wino. Sikuona ngapi. Mama Mwalimu alimvika lile sweta. Kumbe alikuwa anamfumia yeye.

Mimi Mama Mwalimu alinipa kiatu kimoja cha mumewe, cha kushoto. Kikubwa.

Jumatatu, 16 Juni

Nimerudi. Chumba ni kikubwa ghafla. Cherehani imefunikwa. Chini ya meza kuna vipande vya kitambaa cha buluu, vile vya pembeni vinavyobaki ukikata takia. Sijafagia.

Lakini mimi si mtu wa kukaa na huzuni. Mpango umekuja nikiwa ndani ya basi, kichwa dirishani. Shida yote ilikuwa ushahidi! Mzee aliona nati, hakuona pete. Basi aione.

Nimekwenda kwa yule mchomeleaji wa kona, nikachukua pete ya chuma saizi ile ile. Nikamwomba aikate. Akauliza nataka kutengeneza nini. Nikasema pete iliyovunjwa na bahari. Akaigeuza akasema mdogo wangu, hii mtoto mchanga ataona ni msumeno. Nikamwambia aitwange nyundo hapo kwenye mkato. Akaitwanga. Akasema anamwonea huruma nitakayemdanganya. Nikasema si kudanganya, ni kukumbusha.

Sasa imo kwenye kopo la maji ya chumvi, chini ya kitanda. Ikishika kutu nitaituma kwa dereva wa basi, na maelezo kwamba mvuvi mmoja kaiokota. Mvuvi huyo nimeshampa hata ndevu. Bibie akiiona ataelewa. Atajua nilikuwa nasema kweli.

Leo jirani yangu kaniuliza safari ilikwendaje, na nilipokuwa namhesabia, upepo, fundo la mpishi, friji, Gego na mswaki wake, nikasikia vyote ni vitu vidogo. Kigingi kikishindwa hufungwa upya. Reli hunyooshwa, mzee kasema. Hata matakia, mwenye kuyashona yupo.

Kilichoharibika kweli ni kimoja, na nakiandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Bibie aliuliza Pete? na mimi nikasema Tayari! na akaniamini. Alikuwa amenipa mgongo, mikono kwenye usukani, wala hakugeuka kuhakikisha.

Nimeinama kutazama kopo. Upande mmoja wa pete bado unang'aa. Nimeigeuza.